Ukurasa wa Themanini na Nane

Habari hii nilipewa na mke wa mhusika mwenyewe, Jumatatu moja asubuhi mwezi uliopita, nilipokwenda kwake kupimwa gauni. Alikuwa na pini nne mdomoni, kwa hiyo mwanzo wake aliusimulia kwa meno yaliyofungwa. Lakini alipofika kwenye mambo ya mama yake alizitoa zote, akakaa chini, na gauni langu likasahaulika mpaka siku ya pili. Naieleza kama alivyonieleza, ila pale alipomtukana mumewe nimepunguza.

Mume huyo alikuwa na kazi katika duka la vitabu, lile lenye ngazi tatu na mlango wa kioo unaobana watu vidole. Hakuwa muuzaji, wauzaji walikuwapo. Yeye alikuwa mshauri. Kutwa nzima alisimama kando ya rafu iliyoandikwa MAISHA YA WATU, kalamu mfukoni, mikono nyuma, na mtu akiingia na uso wa kutafuta kitu asichokijua, yeye humsogelea taratibu kama daktari anayezunguka wodini.

"Dada, naona una jambo."

"Nimeachika, kaka'angu."

"Pole sana. Chukua hiki. Huyu bwana alifungwa miaka kumi na mmoja kwa kosa la mtu mwingine, akayaandika yote mwenyewe. Ukimaliza kukisoma, talaka yako utaiona likizo."

Dada anacheka, machozi bado yako shavuni, analipa, anaondoka. Hakuna mtu mwingine dukani aliyeweza kufanya hivyo. Mjane alipewa maisha ya mpishi wa meli, mstaafu akapewa maisha ya mcheza sarakasi aliyevunjika mguu, na kila mmoja alirudi kushukuru, au basi hakurudi kulalamika. Chini ya kila kitabu mshauri alibandika kadi ndogo ya maneno yake. "Kitakuliza, kisha kitakufuta machozi." "Nilikianza jioni, nikashtuliwa na jogoo." Ukweli ni kwamba alikianza jioni akashtuliwa na chakula.

Wenzake walimwita Dibaji. Jina hilo lilimfaa, kwani katika kitabu chochote alisoma dibaji, akasoma shukrani, akatazama zile picha za katikati, kisha akaruka mpaka ukurasa wa mwisho.

"Kitabu cha maisha ya mtu ni kama samaki," alimweleza mkewe. "Kichwa na mkia vinatosha kukwambia ni samaki gani."

"Na nyama je?" mkewe akauliza, mguu uko kwenye cherehani.

"Katikati ni miiba tu, mke wangu. Alisoma kwa shida, akaajiriwa kwa shida, akaoa, akasalitiwa na rafiki. Wote wako hivyo."

Mkewe hakubisha. Yeye alikuwa msomaji wa aina nyingine: husoma polepole, kidole chini ya mstari, na hakuwahi kuruka hata neno la mchapishaji.

Waliishi na mama yake huyo mke, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye uchochoro wa nyumba zilizobanana. Mtaa mzima ulimwita mama huyo Mama Funguo. Kando ya mlango wake kulikuwa na misumari tisa, na kwenye kila msumari ufunguo wa nyumba ya jirani. Waliokwenda kazini alfajiri walimwachia yeye. Fundi bomba akija, mtungi wa gesi ukiletwa, mtoto akirudi shule ana homa, Mama Funguo ndiye alifungua. Mwenyewe hakuingia ndani. Husimama kizingitini mpaka shughuli iishe, akafunga. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyepoteza hata kijiko. Kabla ya hapo alikuwa mpiga pasi katika nyumba za wakubwa, na kazi hiyo ilimwachia kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kulia, refu kama kidole.

Sasa, kulikuwa na Mkurugenzi Mstaafu mmoja aliyeandika maisha yake. Kitabu kilikuja dukani kwa maboksi, kinene kama tofali, na picha ya mwenyewe jaladani ameinua kidevu. Dibaji akasoma dibaji, akaona neno "ukweli" limetajwa mara sita. Akasoma shukrani. Akatazama picha. Akaruka mwisho, akakuta mzee anamshukuru Mungu. Akachukua kadi, akaandika: "Kila neno ni kweli tupu. Nimelipima moja moja."

Kadi ile ilipendwa. Kitabu kilipochapishwa mara ya pili, maneno yale yalitiwa nyuma ya jalada kwa herufi za dhahabu, na chini yake: Mshauri wa Vitabu. Dibaji alikwenda nacho nyumbani, akakisimamisha mezani kwa mgongo, ili kila anayepita aone.

*

Muuguzi ndiye aliyeanza, siku ya Jumanne. Alibisha hodi saa kumi na mbili asubuhi, amevaa sare, hatazami juu.

"Shikamoo, mama. Nilikuwa nataka ule ufunguo wangu."

"Marahaba, mwanangu. Leo huendi kazini?"

"Naenda. Ila... mlango wenyewe umeanza kukwama. Nataka nimwonyeshe fundi."

"Fundi ataonyeshwa ufunguo bila mlango?"

Muuguzi akacheka kicheko kifupi, akauchukua, akaenda zake karibu akimbie.

Mchana akaja Mwalimu wa Hesabu. Yeye ufunguo wake ulikuwa umeota kutu, anataka kuupaka mafuta. Jumatano wakaja wawili pamoja, mume na mke, na kila mmoja alikuja na sababu yake, nao hawakuwa wamepatana njiani. Mume alisema wanasafiri; mke alisema wanapata mgeni. Kufika Alhamisi misumari minane ilikuwa mitupu. Ulibaki ufunguo wa kinyozi peke yake, na huyo hakujali kusoma chochote.

"Mwanangu," Mama Funguo akamwambia bintiye, "nanuka?"

"Hapana, mama."

"Basi nimefanya nini?"

Binti akaacha nguo ya mteja, akaenda kwa Muuguzi, akamkalia mpaka akasema. Muuguzi hakusema kwa mdomo. Alitoa kitabu chini ya mto, akafunua ukurasa wa themanini na nane, akampa.

Ilikuwa sura ya saba, na jina lake "Nilivyojifunza Kusamehe". Mkurugenzi aliandika kwamba nyumbani kwake alikuwapo mpiga pasi, mwanamke mnyamavu, mwenye kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na kwamba mwanamke huyo aliiba saa ya dhahabu ya marehemu baba yake. "Ningeweza kumfunga," kitabu kilisema, "lakini nilimtazama machoni, nikamsamehe, na siku hiyo nikawa mtu mzima."

"Dada, mimi siamini," Muuguzi akanong'ona. "Lakini si unaona mumeo mwenyewe amesema kila neno ni kweli? Tena amelipima. Mkwe wake mwenyewe! Tungefikirije?"

*

Dibaji alirudi saa kumi na moja anapiga mluzi. Akakuta mkewe amesimama, kitabu mkononi, na mama mkwe amekaa kwenye kigoda mikono mapajani.

"Soma," mkewe akasema.

Akasoma. Mluzi ulikuwa umemkatikia midomoni, na midomo ikabaki vilevile, imechongoka.

"Mimi... Hili sikuliona."

"Ungelionaje? Lipo kwenye miiba."

"Mke wangu..."

"Na ungesoma, ungeona jambo lingine. Sura ya pili baba yake anakufa hana shati la kuzikiwa, wanamwazimia kwa jirani. Sura ya saba marehemu huyohuyo ameacha saa ya dhahabu. Mwenye saa ya dhahabu huazimiwa shati? Mimi ni mshonaji tu, bwana, nimeliona. Wewe ni mshauri."

Mama Funguo alikuwa bado kwenye kigoda. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake. Bintiye alikuwa amemsomea ukurasa wote mara mbili. Sasa akanyoosha kidole kwenye zile herufi za dhahabu.

"Haya maneno ya nyuma, ndiyo yako?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe, mama. Niliandika tu kama ninavyoandika..."

"Miaka sita nilifanya kazi kwa yule mzee. Sikuwahi kuona saa. Nilitoka mwenyewe, mwanangu alipokuwa ana surua. Hata kuniaga aliniaga mlangoni, akanipa sabuni mbili." Akamgeukia. "Sasa niambie, mshauri."

Hapo Dibaji akaumia. Tangu aoe alikuwa akiitwa mwanangu.

"Niambie. Huyo mzee anakuja lini dukani kwenu? Nasikia anakuja kuwatilia watu sahihi."

"Jumamosi, mama. Saa nne."

"Foleni inaanzia wapi?"

*

Ijumaa asubuhi Dibaji alimfuata mwenye duka, ambaye wafanyakazi wote walimwita Tajiri, akamkuta anahesabu viti vya wageni.

"Tajiri, naomba niondoe ile kadi. Kitabu kina uongo."

"Uongo gani?"

"Ukurasa wa themanini na nane. Kinamsingizia mama mkwe wangu wizi."

"Jina lake limo?"

"Jina halimo. Kovu limo."

"Kovu!" Tajiri akashusha kiti. "Hebu sikiliza. Wakati unaandika kadi, ulikisoma?"

"Sikukisoma."

"Hata mimi sijakisoma. Kwani muuza viatu huvivaa vyote? Kijana, kesho watakuja watu mia na ushee, na wewe ndiye utashika kipaza sauti, umkaribishe mzee, useme yale yale ya dhahabu. Ukitaka kuiondoa hiyo kadi, iondoe. Ila mkiondoka, muondoke pamoja."

Kutwa hiyo Dibaji hakumshauri mtu. Alikuja mzee mmoja akaomba kitabu cha mtu aliyeonewa. Dibaji akamtazama, akamwambia vimekwisha.

*

Jumamosi duka lilijaa mpaka ngazini. Mkurugenzi Mstaafu alikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, suti ya kijivu, kalamu nene. Nyuma yake alisimama kijana mwembamba mwenye miwani, ameshika mkoba, ambaye hakuna aliyemtambulisha. Dibaji alishika kipaza sauti, akamkaribisha mzee kwa maneno machache kuliko alivyoagizwa. Yale ya dhahabu hakuyasema. Tajiri akamkata jicho, naye akajifanya anakohoa.

Foleni ikaanza kusogea. Mkurugenzi aliuliza, "Nimwandikie nani?" akaandika, akapigwa picha, akauliza tena. Dibaji alikuwa akitazama mlangoni, na hakuona mpaka mtu wa kumi na tisa alipofika mezani. Alikuwa mama mfupi aliyejitanda khanga, kitabu amekifunga kwenye gazeti kama nyama ya buchani. Nyuma yake, bintiye. Nyuma ya bintiye, kwa aibu au kwa umbea, nusu ya uchochoro: Muuguzi, Mwalimu wa Hesabu, na yule mume na mke waliosafiri wakapata mgeni.

"Shikamoo, bosi," Mama Funguo akasema.

"Marahaba, mama. Nimwandikie nani?"

"Usiandike hapo mwanzoni. Niandikie hapa." Akafunua palipotiwa uzi mwekundu wa cherehani. "Themanini na nane."

Mkurugenzi akacheka kwa upole. "Mama, sahihi hutiwa mwanzoni."

"Najua. Mimi niandikie hapa. Andika hivi: Kwa mpiga pasi wangu, ambaye hakuniibia saa."

Akaweka mkono wa kulia juu ya kitabu, na khanga ikarudi nyuma yenyewe. Mkurugenzi alilitazama kovu, akamtazama mama, akalitazama tena kovu. Watu wa mbele walinyamaza kwanza, kisha wa nyuma wakanyamaza kwa sababu wa mbele wamenyamaza.

"Kuna... nadhani kuna kutoelewana," Mkurugenzi akasema. "Mshauri! Mshauri yuko wapi? Bwana huyu amekipima kitabu neno kwa neno. Hebu waambie watu."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Dibaji, na kilikuwa kimewashwa, kwani pumzi zake zilisikika duka zima. Tajiri alikuwa akimpa ishara ya kidole: sema, sema.

"Mimi," Dibaji akasema, "sikukisoma."

"Nini?"

"Kitabu. Nilisoma dibaji, na mwisho, na picha. Hata vile vingine..." Akageukia rafu yake, akaona nyuso za wateja wake: yule dada aliyeachika yumo, yule mjane yumo. "Hata vingine vingi sikuvisoma. Aliyekisoma hiki ni mke wangu. Anasema sura ya pili baba yako, mzee, anakufa hana shati, na sura ya saba ameacha saa ya dhahabu. Huyu ni mama mkwe wangu. Ana funguo za mtaa mzima. Alikuwa nazo. Zimechukuliwa kwa ajili ya kadi yangu."

Duka likavuma. Mwalimu wa Hesabu alikuwa tayari anafunua sura ya pili kwa kidole kilicholowa mate. "Ni kweli!" akapaza sauti. "Ukurasa wa kumi na nne, hana shati! Haijumliki!"

Mkurugenzi akageuka nyuma kwa hasira. "Wewe! Hii saa ilitoka wapi?"

Kijana wa miwani akakumbatia mkoba. "Mzee, si uliniambia nikuandikie sura ya kusamehe?"

"Nilikwambia!"

"Nikakuuliza ulimsamehe nani, ukasema nitafute. Sura ilikuwa haina mtu wa kusamehewa, mzee. Nikakuta kwenye picha zako za zamani kuna mama amesimama nyuma na pasi, kovu linaonekana mkononi. Nilikupelekea uipitie."

"Niipitie saa ngapi mimi? Kurasa mia tatu!"

Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mama Funguo peke yake hakucheka. Bado alikuwa ameshika ukurasa wake usijifunge.

"Andika, bosi," akasema. "Watu wana foleni."

Mkurugenzi akaandika. Aliandika kwa herufi ndogo, lakini bintiye akamsomea mama yake neno kwa neno, kwa sauti, kisha akamwomba mzee aongeze tarehe. Na aliyefuata kwenye foleni, bwana ambaye hawakumjua kabisa, akaweka kitabu chake mezani, akafunua themanini na nane. "Na mimi niandikie vivyo hivyo," akasema. Na wa nyuma yake. Na wa nyuma yake.

Mpaka saa saba mchana maboksi yote yalikuwa yamekwisha, na waliochelewa walikuwa wanagombania nakala ya kuonyeshea. Tajiri alimwita Dibaji pembeni, akamwambia kwa furaha kubwa kwamba hajawahi kuona siku kama ile, na kwamba kuanzia Jumatatu atahamia upande wa madaftari.

"Madaftari, Tajiri?"

"Yana kurasa tupu. Hapo sema utakalo."

*

Jumapili majirani wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kila mtu na ufunguo wake na kisingizio chake kingine. Mlango wa Muuguzi ulikuwa umeacha kukwama wenyewe. Kutu ya Mwalimu ilikuwa imetoka. Mama Funguo hakupokea ufunguo hata mmoja kwa mkono; aliwaonyesha ukuta, akaacha kila mtu atundike mwenyewe, na ilikuwa ajabu jinsi watu wazima walivyohangaika kutafuta msumari uliokuwa wao kwa miaka kumi na mmoja. Saba walirudi. Yule mume na mke walikuwa wamebadilisha kitasa, wakawa wanazungukia uchochoro wa nyuma ili wasipite pale.

Dibaji alikuwa amekaa kwenye mkeka. Mama mkwe alimsogezea chai.

"Kunywa, mwanangu. Itapoa."

Akainywa yote kwa pumzi moja, ingali ya moto, ikamuunguza ulimi.

Saa nane, jua kali, akaja yule kijana mwembamba wa miwani na mkoba wake. Alikuwa hana tena kazi kwa Mkurugenzi. Alisalimia vizuri, akavua viatu, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Mama, kwanza nisamehe. Pili, nimekuja na jambo. Maisha yako yanauzika. Watu wote tangu jana wanakuulizia. Wewe utaongea, mimi nitaandika."

"Utaandika ninayosema?"

"Yote, mama. Nitayachangamsha kidogo tu."

"Hapana. Utaandika ninayosema."

Kijana akatazama dari. "Sawa, mama. Tuanze na siku ile ulipotoka kwa yule mzee. Ulilia?"

"Sikulia."

"Hata kidogo? Wasomaji hawampendi mtu ambaye hakulia."

"Nilikuwa na mtoto mgonjwa na shati la watu mezani. Nilimaliza shati, nikatoka."

"Basi niambie kuhusu maisha yako, mama. Jambo kubwa kabisa unalolijua."

Mama Funguo akafikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, na alitaka kujibu sawasawa.

"Shati jeupe," akasema. "La mikono mirefu, la pamba. Andika. Kwanza unalinyunyizia maji kwa vidole, unalikunja, unaliacha linywe. Ukiharakisha hapo, umeharibu. Mkaa unaupepea nje, jivu lisije ndani. Pasi unaijaribu kwenye kitambaa kikuukuu, si kwenye nguo ya mtu. Halafu unaanza kola. Kola huanzwa nchani kuja katikati, upande wa ndani kwanza, kwa sababu ukianzia katikati mkunjo unakimbilia nchani, na nchani ndipo watu wanapotazama..."

Kijana aliandika mpaka kwenye mabega. Kwenye vikofi, pale mikono ya shati inapoishia, kalamu yake ilianza kuchora mstari ushukao. Joto lilikuwa limejaa chumbani, cherehani imenyamaza, na sauti ya mama ilikwenda na kurudi bila haraka. Kalamu ikaanguka. Dibaji alimsikiliza mpaka mkono wa kushoto wa shati ulipokwisha, akijitahidi, akijifinya paja, kisha kichwa kikamwangukia begani kwa mkewe, na mkewe alikuwa amekwisha kulala zamani, tepu ya kupimia shingoni.

Mama Funguo, kama alivyomsimulia bintiye baadaye, aliwaona wote watatu. Hakukatisha. Aliteremsha sauti kidogo, asiwaamshe, akaendelea na upande wa vifungo, ambao hupigwa kwa nyuma, nguo imelazwa juu ya taulo, vifungo visivunjike. Akapiga mgongo, kutoka juu kwenda chini. Akafunga kifungo cha kwanza, cha tatu na cha mwisho, akalikunja, akalilaza mikono nyuma. Kisha naye akaegemea ukuta, chini ya misumari, akafumba macho, akalala.